Haipindi, alisema Dokta Leonard

Yasinta, nimejifungia stoo ya maabara, sijui nicheke au nilie.

Si unaijua ile fimbo ya kauri, ya udongo uliochomwa, ya bosi wangu, Dokta Leonard? Ikiwa ya baridi inabeba hata mtu mzima. Leo kamwita mgeni rasmi kutoka wizarani aione ikibeba uzito ndani ya tanuri. Muda mfupi tu, halafu tuzime.

Nikamnong'oneza, dokta, kwenye moto mkali inalegea polepole, tusiiache humo muda mrefu. Akasema, "Debora, itifaki kwanza."

Itifaki. Katambulisha meza kuu yote, mpaka shemeji yake wa Miyuji akasimama kupunga mkono. Mimi huku naona kwenye kidirisha cha tanuri fimbo inainama kama inasali.

Ndiyo kwanza anashika maiki. "Mheshimiwa, kauri hii haipindi."

Haipindi, Yasinta. Hajamaliza, ikakatika, uzito ukadondoka puu, watu wakashika viti.

Mgeni akachungulia, akauliza kwa upole, "Kwa hiyo moto inauweza, hotuba ndiyo imeishinda?"

Sasa Dokta anagonga mlango. Anataka fimbo nyingine. Utambulisho anaanza upya.