Msitu Ulioliwa na Kuku

Jumamosi jioni, Oktoba. Chemchem, Tabora.

Joto la leo ni la kuchoma utosi. Mawingu yanajikusanya, yanatutia moyo, kisha yanaondoka zake. Nimefika nyumbani nimejaa vumbi mpaka ndani ya masikio, ushungi umebadilika rangi, kiuno kinauma kwa pikipiki ya ofisi. Lakini nina furaha ambayo hata siwezi kuificha. Nimeingia jikoni nacheka peke yangu, mama akaniuliza kama kuna mtu amekuja kuniposa.

Sijaposwa, shajara yangu. Nimecheza mchezo, na mchezo umekubali.

Mama hajawahi kuielewa kazi yangu. "Umesoma mpaka chuo kikuu, kumbe unakwenda kucheza na wazee vijijini?" Ndiyo mama, ndicho ninachofanya. Watu wanaogombania msitu mmoja au maji yale yale nawakalisha pamoja, wanachora ardhi yao chini kwenye udongo, kila mmoja anapewa nafasi yake, tunacheza miaka kadhaa kwa asubuhi moja na kuangalia kitakachobaki. Kanuni wanazitunga wenyewe. Mimi baadaye naingiza yale waliyoyafanya kwenye kompyuta, inatuonyesha mambo yanaweza kufika wapi wakiendelea hivyo hivyo.

Ukisikia ni rahisi. Ugumu wake ni kwamba watu wazima waliogombana hawataki kuonekana wanacheza.

Na hawa wa kule upande wa Goweko wamegombana kweli. Baba Kalunde, Mnyamwezi, mkulima wa tumbaku mwenye sauti kubwa kuliko kijiji chake, ng'ombe walipita shambani kwake msimu uliopita wakaifanya tumbaku kuwa matope. Amepeleka ombi kwamba wafugaji wote wahame kabla ya mvua. Mkutano mkuu wa kijiji ni Jumanne hii, na kila niliyemuuliza aliniambia ombi litapita.

Likipita, Mama Nyemo anaondoka. Huyu ni mjane, Mgogo, alikuja na mumewe na ng'ombe wachache wakati Nyemo yuko mgongoni. Sasa Nyemo yuko sekondari, na mume amezikwa pale pale, nyuma ya zizi. Safari yangu ya kwanza, tulipokuwa tunachora ramani ya kijiji, mama huyu alikaa nyuma kabisa, asiseme kitu. Nilimfuata baadaye nikamuuliza kwa nini.

"Mwanangu, nikisema, watasema mimi ndiye mchokozi. Nikikaa nyumbani, watasema nimekubali. Basi nakuja, nakaa, nanyamaza."

Maneno hayo yamenikaa kichwani wiki nzima.

Kwa hiyo leo niliondoka nyumbani nikiwa na hofu tele. Kiongozi wangu ameitwa aende Usinge, nikaachiwa kijiji peke yangu kwa mara ya kwanza. Ofisi ya kijiji ni ndogo, watu hawaenei, Baba Kalunde akasema twende kwake, kwenye uwanja ulio kando ya bani lake la kukaushia tumbaku. Kuchezea mchezo nyumbani kwa mlalamikaji si busara, hilo nalijua. Lakini pale palikuwa pamefagiwa na kuna kivuli cha paa, na jua lilikuwa limeshaanza visa vyake. Nikakubali.

Tulichora kwa majivu. Hapa msitu, hapa mashamba, hapa lambo la maji. Miti ilikuwa punje za mahindi, ng'ombe walikuwa maharage, maji yalikuwa vifuniko vya soda, mashamba ni vipande vya mkaa. Kila mwaka mkulima anakata miti ya kuni za bani, mfuga nyuki anatundika mizinga kwenye miti iliyobaki, mfugaji anafikisha mifugo lamboni. Miti ikipungua, udongo unaingia lamboni, naondoa kifuniko kimoja cha maji. Mvua tunaichota kikapuni bila kuangalia: kifuniko cha bluu ni neema, chekundu ni ukame.

Kisha nikabadilisha watu. Baba Kalunde nikampa maharage, awe mfugaji. Mama Nyemo nikampa mkaa, awe mkulima wa tumbaku. Wengine nao wakagawana, aliye na mizinga akawa mkata kuni, na kadhalika.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Adabu ilitawala. Kila mtu anachukua punje moja na kuomba radhi. "Pita tu ndugu yangu." "Ahsante, maji yanatosha." Kijiji kinachotishana kwa mapanga kilikuwa kimegeuka paradiso mbele ya macho yangu, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshatoa simu yake anasoma mambo mengine. Jasho linanitoka, nikaanza kuwaza nitamwambia nini kiongozi wangu.

Ndipo nikakumbuka jambo ambalo hata mtoto wa Tabora analijua, nami nilikuwa nimelikalia.

Nikasema kwa sauti, "Samahani wazee. Hivi Wanyamwezi na Wagogo si watani?"

Watu wakatazamana. Bibi yangu ndiye aliyenisimulia tulipokuwa wadogo: misafara ikitoka huku kwenda pwani ilipita Ugogo, nchi kavu, na Wagogo waliwatoza wapagazi wa Kinyamwezi hongo, yaani ushuru wa kupita na kunywa maji. Ugomvi ule wa miaka na miaka ukaishia kuwa utani. Leo mtani anaweza kukutukana msibani, akachukua kitu chako mkononi, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Sisi tuliobaki mjini tumetokana na misafara hiyo hiyo, ndiyo maana kijijini wananiita mtu wa pwani aliyekosa nauli ya kurudi.

Mama Nyemo akainua kichwa. Nadhani ni mara ya kwanza nimemwona akiinua kichwa mkutanoni.

"Watani?" akasema. "Hawa wabeba mizigo?"

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Baba Kalunde mwenyewe alishika tumbo.

Kuanzia hapo, shajara, sikuwa na kazi tena zaidi ya kuchota mvua.

Kifuniko kikatoka chekundu. Ukame. Baba Kalunde akakusanya maharage yake kwenda lamboni, akaanza kuyasukuma, akasimama. Akaangalia kushoto, mashamba. Kulia, mashamba. Mbele, mashamba.

"Sasa njia iko wapi?" akauliza.

Watu wakainama kuitafuta kwenye majivu. Nami nikaona kosa la ile ramani yetu ya kwanza. Tulichora msitu, maji, mashamba, nyumba, mpaka makaburi. Hakuna hata mmoja aliyechora njia ya ng'ombe. Waliochora hawana ng'ombe, na aliyekuwa na ng'ombe alikuwa amenyamaza.

Baba Kalunde si mtu wa kusubiri. Akayapitisha maharage juu ya mkaa, katikati kabisa ya shamba. Mama Nyemo akaruka, akasimama mbele yake, mikono kiunoni, kifua mbele, na akatoa sauti ya Baba Kalunde mwenyewe, ile ile nzito inayosikika mpaka barabarani:

"Simama hapo hapo! Hivi wewe huna macho? Tumbaku hii umeipanda wewe? Nakupeleka kwa mtendaji leo leo!"

Mwenyekiti aliiweka simu mfukoni. Wanawake walikuwa wanafuta machozi kwa ncha za khanga. Baba Kalunde akajitetea, na alijitetea kwa maneno ambayo sijawahi kuyasikia kinywani mwake: ng'ombe wana kiu, nifanyeje, nimeomba njia sina, nisubiri wafe?

"Basi toa hongo," akasema Mama Nyemo. "Babu zako walitoa. Toa, upite."

"Sina kitu, mtani."

"Basi kaa na kiu yako, mtani."

Nilitamani kumkumbatia. Nikajizuia kwa sababu niko kazini.

Tukapumzika kwa chai na viazi vitamu upande wa pili wa nyumba. Niliwaacha wanabishana kwa furaha, midomo imejaa, kila mtu anamweleza mwenzake alivyodhulumiwa mchezoni. Tuliporudi uwanjani, msitu haukuwepo.

Kuku! Kuku wa Baba Kalunde, jogoo mwekundu mbele na matetea nyuma yake, walikuwa wamekula miti yote. Punje zilizobaki zilikuwa zile zilizojificha kwenye ufa wa udongo. Ng'ombe wameachwa, maharage hawakuyajali. Lakini ule msitu ambao wazee walihangaika asubuhi nzima kuugawana ulikuwa tumboni mwa jogoo, naye amesimama katikati ya lambo anajikuna shingo.

Kwanza nilitaka kulia. Nimesomea nini mimi, ikiwa siwezi hata kukumbuka kwamba kuku wanakula mahindi?

Mama Nyemo alisogea taratibu, akauangalia uharibifu, akamgeukia mwenye nyumba.

"Mtani, kuku hawa ni wa nani?"

"Ni wangu," akasema Baba Kalunde, bado anacheka.

"Wamekula msitu wa kijiji kizima. Mwenyekiti, andika ajenda. Jumanne tumhamishe mtu huyu na kuku wake."

Watu walicheka, halafu kicheko kikapungua, halafu kikaisha. Baba Kalunde alikuwa anatazama chini. Alichuchumaa, akayaangalia maharage yake yaliyokwama katikati ya mkaa. Nilidhani nimeharibu kila kitu, kwamba utani umevuka mpaka na mzee ameudhika ndani ya uwanja wake.

"Njia ilikuwepo," akasema mwishowe, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. "Ilipita kando ya mchongoma. Mwaka ule nilipoongeza shamba, niliilima."

Wengi pale walikuwa wanajua, niliwaona nyusoni. Walikuwa wanajua siku zote, na katika vikao vyote vile hakuna aliyemwambia, kwa sababu angemwambiaje mtu mzima mbele za watu kwamba ugomvi huu ameuanzisha yeye?

Akachukua majivu kiganjani, akachora mstari mwenyewe, kutoka zizini mpaka lamboni, kwenye ukingo wa shamba lake. Akayasogeza maharage taratibu, yakafika majini.

Ningekuwa ninatunga, ningemaliza hapo, watu wapige makofi. Lakini Mama Nyemo hakupiga makofi. Aliinama, akamkamata yule jogoo kwa mkono mmoja, akamtia kwapani.

"Huyu ndiye hongo yangu," akasema. "Mla msitu."

Ni haki ya mtani, hakuna wa kumzuia. Baba Kalunde akajaribu kurudisha mzaha. "Mchukue, lakini Jumanne nitakuja kula mchuzi wake kwako."

"Karibu," akasema Mama Nyemo. "Kama Jumanne bado nina kwangu."

Hakusema kwa hasira. Alisema huku anampapasa jogoo, na ndiyo maana ilichoma. Hakuna ahadi iliyotolewa, hakuna aliyesimama kutoa hotuba. Mwenyekiti alifunga kikao, nikakusanya maharage yangu, nikashukuru, nikafunga mkoba kwenye pikipiki.

Nilikuwa nimeshafika kwenye kona ya kutoka kijijini nilipowaona. Baba Kalunde yuko ukingoni mwa shamba lake, shamba lenyewe la kweli, na jembe begani na fungu la vijiti mkononi. Anachomeka kimoja, anapiga hatua, anachomeka kingine. Nyuma yake Mama Nyemo na jogoo wake kwapani, anaonyesha kwa kidole.

"Sogeza ndani, mtani! Ng'ombe wana matumbo, hawapiti pembeni pembeni!"

Na mzee yule mwenye sauti kubwa aliking'oa kijiti, akakisogeza ndani ya shamba lake.

Nilizima pikipiki nikakaa pale kuwatazama kama mtu asiye na kwao. Nilifurahi mpaka nikaona haya kidogo. Nimesoma vitabu vingi kuhusu kazi hii, nikafanya na mitihani, na leo kwa mara ya kwanza nimeiona ikitembea kwa miguu yake.

Sasa ni zamu ya kukaa na ukweli. Vijiti vya mtu mmoja si uamuzi wa kijiji. Wapo wakulima wengine ambao leo hawakuja, na wapo waliokuja wakacheka lakini Jumanne watanyoosha mikono vile vile walivyopanga. Hivi Baba Kalunde atasimama mbele yao na kuliondoa ombi alilolipeleka mwenyewe? Au aibu ya leo itakuwa imepoa, na vijiti vitakuwa vimetafunwa na mchwa? Sijui. Nimejaribu kuisoma kompyuta, na yenyewe haijui. Nilichoweza kufanya ni kuchora ile njia kwenye ramani, kwa sababu angalau kwenye ramani yangu haitasahaulika tena.

Jumanne nitakuwepo. Si kwa kazi, nimealikwa mchuzi, Mama Nyemo aliniambia pale konani nikiwa nawasha tena pikipiki.

"Na wewe uje, mtu wa pwani. Nikiwepo tutakula wote. Nisipokuwepo, huyu jogoo nitamfungulia kaburini kwa mume wangu, marehemu abaki na wa kumwamsha."

Ee Mungu, Jumanne tule mchuzi.