Matumbawe Mawili Kwenye Siki

Jumanne. Leo naandika yote bila kuficha: Kabula, mwenzangu wa mradi wa sayansi, amenichosha!

Kesho kwenye mashindano ya sayansi tunaonyesha jinsi bahari inayozidi kuwa na tindikali inavyokula matumbawe. Tuliloweka kwenye siki vipande viwili kutoka Tanga. Cha matawi kimemomonyoka, cha mviringo bado kigumu. Nikasema tuandike hivyo. Kabula akacheka, "We, hapa Geita nani kaiona bahari? Andika yote yanakufa, tushinde!"

Nikakataa, akanuna. Akisusa, kesho nitasimama peke yangu mbele ya majaji. Na kusema kweli, vipande vyetu vilishakufa zamani. Hilo ndilo linaloniuma: vipande vikavu havionyeshi matumbawe hai yatafanyaje.

Nimemwandikia madamu wa baiolojia kwa simu ya mama: Shikamoo madamu. Kwenye tindikali, matumbawe yaliyo hai nayo hutofautiana, ya matawi yakimomonyoka na ya mviringo yakibaki magumu, au Kabula yuko sahihi kwamba yote yanakufa?