Mgomba wa Kaka Eliamani

Jumapili jioni, Same. Upepo wa leo umeingiza vumbi hadi ndani ya kabati. Nimefuta meza, vumbi limerudi, nimeiacha.

Jana nilipanda Mbaga, nyumbani. Baba mdogo aliitisha kikao kuhusu kaka Eliamani, aliyekuwa abiria kwenye ile ndege iliyopotea juu ya bahari. Miaka imepita. Ndege haikuonekana, wala mwili wa mtu yeyote. Waliokuwa wakiitafuta walikwisha kurudi makwao.

Kwetu, mtu asiyepatikana huzikwa kwa shina la mgomba. Linavishwa nguo zake, linashushwa kaburini, watu wanalia, msiba unaisha. Anayelikata ni mdogo wake wa kiume.

Huyo ni mimi.

Miaka yote aliyekataa ni mama. Alikuwa akiuliza, ukishamchimbia mtu kaburi, akirudi utampokeaje? Baba mdogo alizoea kumtania: "Shemeji, akirudi tutamchinjia beberu na kumwomba radhi." Jana hakutania. Mama alikuja na shati la kaka, limefuliwa na kupigwa pasi. Akasema, haya, na azikwe.

Wote wakanigeukia. Mgomba wenyewe uko nyuma ya jiko, niliuona tangu nilipokaa.

Nikasema, "Bado."

Nikaeleza kwa utaratibu, kama ninavyoeleza watu ofisini, mimi karani: kwamba uthibitisho hakuna, kwamba bahari ni kubwa, kwamba huenda wataanza kutafuta tena. Sauti yangu ilikuwa tulivu. Hakuna aliyebisha, maana mimi ndiye niliyesoma.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliona kwamba panga likipita kwenye lile shina, basi mimi ndiye nitakuwa nimemuua.

Mama alinisindikiza hadi barabarani, shati bado liko mkononi.

"Nilikuwa nimeshakubali, mwanangu," alisema. "Unajua nimetoka wapi mpaka nikakubali?"

Gari lilikuja, nikapanda.

Leo nimeshinda na swali lake. Nilijiambia kwamba namngojea kaka. Aliyekuwa akingoja ni mama. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma yake, na jana alipoondoka mbele yangu nikaonekana.

Nimempigia baba mdogo simu sasa hivi. Nimemwambia Jumamosi nakuja kukata mgomba.

Akauliza, "Una hakika?"

Nikamwambia sina. Nitakata hivyo hivyo.