Nilimpa Mkono Matangani

Jumanne, 4 Juni 1985
Nimemaliza pindo la gauni la bibi harusi wa mtaa wa Lucky Summer. Mchana nikafunga duka, nikaenda tena Donholm kwa Elijah, mwenye shule ya chekechea. Mara ya saba tangu korti iamue anilipe sare sitini nilizomshonea. Mkewe, Rosebella, alikuwa mlangoni.
“Mama Wanja, amesafiri.”
Viatu vya Elijah vilikuwa kizingitini, bado vimelowa. Nikasema asante. Asante ya nini?

Alhamisi, 6 Juni
Mwenye jengo ameweka kufuli lake dukani. Kodi ya miezi mitatu. Cherehani imebaki ndani, na gauni pia. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo.
Nikakimbia kortini. Karani anasema hati ya kumkamata Elijah iko tayari, lakini askari wa korti hamjui kwa sura. Lazima nimwonyeshe mimi.

Jumamosi, 8 Juni
Muuza maziwa ameniambia mama yake Elijah amefariki. Watu wanakusanyika nyumbani kwa Elijah kila jioni, wanachanga pesa za kumsafirisha marehemu hadi kwao Busia.
Basi Elijah yuko nyumbani. Hilo ndilo nililowaza kwanza. Mama wa mtu amekufa, nami nikafurahi.

Jumatatu, 10 Juni
Nimefanya.
Nilijifunga leso, nikakaa na kina mama. Nikaimba nao. Nikaweka shilingi tano kwenye sahani ya mchango. Askari alisubiri langoni, amevaa kiraia. Tulikubaliana: nitakayempa mkono bila kuuachia, ndiye.
Elijah aliinuka mwenyewe kunisalimu. Amekonda sana. Akanishika kwa mikono miwili.
“Mama Wanja. Hata wewe umekuja. Mungu akubariki.”
Sikumwachia.
Askari akaingia, akasoma hati. Wimbo ukakatika. Rosebella alinitazama tu. Mzee mmoja, ami yake Elijah, akauliza deni ni kiasi gani. Akamimina ile sahani mezani. Pesa zikapungua, wanaume wakaingiza mikono mifukoni.
“Chukua, mama,” akasema. “Mwache amzike mama yake.”
Askari akahesabu, akaandika risiti. Nikafungua kibeti. Na ile tano yangu ilikuwemo.

Jumatano, 12 Juni
Kodi nimelipa. Bibi harusi amelijaribu gauni, akacheka mbele ya kioo.
Nasikia safari ya Busia imeahirishwa. Marehemu bado yuko mochari, wanachanga upya. Hukumu inasema pesa ni haki yangu. Nimeisoma mara mbili. Bado naona aibu. Tangu Jumatatu sijapika.

Jumapili, 23 Juni
Sikwenda kanisani. Sokoni nilimwona Rosebella akichagua nyanya. Amenyoa nywele. Nikageuka niondoke, akaniwahi.
“Habari ya kazi, Mama Wanja?”
“Nzuri.”
“Tulimzika Alhamisi. Mvua ilinyesha sana.”
Nilitaka kumwambia pole. Nikainama kuchagua sukuma wiki. Akalipia nyanya zake, akaenda.
Nikanunua sukuma. Nikarudi nyumbani, nikapika.