Tumbo Lilikataa

Batsinda, Kigali
Jumapili, Julai

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Poleni na kazi za hapo nyumbani. Mguu wa baba unaendeleaje, na bibi bado anakataa kuvaa miwani? Mimi nipo, nakula, kazini naenda. Barua hii anakuletea Flaviana wa ofisini, anayekuja Muleba kwenye harusi ya mdogo wake. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Mama, simu yako unaiweka sauti ya juu, sebule nzima inasikia, na haya ni ya masikio yako kwanza.

Kazi ya mizigo ya ndege pale Kanombe inaendelea. Majirani zangu hapa ni watu wema, ila hufunga milango mapema. Tunaambiana "mwaramutse" asubuhi na "mwiriwe" jioni, basi, yanaishia hapo. Kinyarwanda changu kinatosha kununua nyanya, hakitoshi kupiga soga. Kuna Jumapili hupita bila mtu kulitaja jina langu.

Kuanzia mwezi wa tatu mgongo ulinikaza, nikawa siwezi kuinama kufunga viatu. Hospitali wakanipiga picha, wakasema mifupa ni mizima. Kaliza, binti tunayekaa naye meza moja kazini, akaniambia kuna mama mtaa wa Kimihurura, anaitwa Alida, anayetibu kwa kubonyeza mwili kwa mtindo wa Kijapani. Wanauita shiatsu. Nilisita, maana neno masaji unajua watu wanavyolisikia. Kaliza akacheka, akasema kule hakuna anayevua nguo.

Ni kweli. Ni chumba tu nyumbani kwake, na godoro jembamba sakafuni. Unalala na nguo zako, yeye anapiga magoti pembeni, anaweka vidole gumba kando ya uti wa mgongo, anangoja utoe pumzi, ndipo anakuegemea taratibu. Alipofika mabegani nilishtuka. Sikukumbuka mara ya mwisho mtu kunigusa ilikuwa lini, ukiacha kupeana mkono.

Aliponigeuza chali akaeleza kuwa waliomfundisha husoma hali ya mwili mzima tumboni, akaomba kuweka mkono wake hapo. Nikamzuia. Hakuuliza sababu. Alida amekulia Bujumbura na ana Kiswahili chake, akaniambia, "Basi dada, tumbo iko inakataa. Tutaiacha, siku moja itaita yenyewe."

Nikarudi wiki iliyofuata, na zilizofuata. Mgongo ukalegea, usingizi ukaja. Lakini kila alipokaribia pale, niliweka mikono yangu miwili juu ya tumbo kama mtu anayezuia mlango.

Jumamosi iliyopita mikono sikuiweka. Sijui kwa nini, labda ilichoka. Akaweka kiganja, wala hakubonyeza, ni uzito wa mkono tu. Nikalia, mama, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu, na katikati ya kilio nikajisikia nasema, "Mtoto wangu." Alida hakuondoa mkono. Nilipotulia akauliza, "Alikuwa wa kike ao wa kiume?" Nikamjibu.

Habari yenyewe ndiyo hiyo, mama. Mwezi wa pili nilijifungua mtoto wa kike, na hakulia. Krismasi sikukosa likizo kama nilivyokwambia. Niliogopa ungeliona tumbo kabla sijapata maneno. Nilijiambia nitakuja Pasaka nimembeba, kwa sababu nakujua, usingeweza kunigombeza na mjukuu wako yuko mgongoni. Tito, baba yake, alikuwa ameshahamia Kampala, simu hapokei. Tulimzika mimi na Kaliza na mzee mmoja wa kanisa. Nilimwita Kokugonza. Jina hilo sijamtajia mtu mwingine.

Huku mwanamke akizaa, majirani humletea uji na maziwa. Kwangu hawakuja, na siwalaumu. Nadhani hawakujua mtu kama mimi huletewa nini. Maziwa yangu yalikuja vilevile. Nilikuwa nakwenda chooni kazini kuyakamua, kisha najifunga kitenge kifuani chini ya sare, narudi mezani kupokea simu za watu waliopotelewa na mizigo.

Nimeomba likizo, nimepewa. Nakuja mwezi ujao. Baba usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikifika. Nisalimie yeye na wadogo zangu wote. Bibi mwambie. Na unisaidie kumuuliza jambo moja: mzazi hukandwa maji ya moto siku zake zile za mwanzo, nami miezi imepita bila mtu kunikanda. Je, nimechelewa? Au hata asiye na mtoto wa kumwonyesha anaweza kukandwa?

Ni mimi mwanao,
Aneth