Barua Pepe Zako Zilifika

Engutoto, Arusha

Mwanangu Nalepo,

Salamu katika Bwana. Masika yameanza, maharage yameota vizuri. Mimi sitoki kitandani tena.

Nasikia unamkataza binti yako Diana kujiunga na chuo kile cha elimu ya masafa. Eti, "Wale hawajibu, watampotezea miaka kama mimi." Usimzuie kwa ajili yangu.

Barua pepe zako za kuulizia kituo cha mtihani zilifika. Nilikuwa mkuu wa huduma kwa wanafunzi chuoni hapo, lakini kompyuta sikuijua. Karani ndiye aliyenisomea na kunijibia. Alipokwenda kujifungua, niliona aibu kuomba kufundishwa, mimi niliyefundisha walimu. Nikawaambia watu mtandao umekatika. Karani aliporudi alizikuta barua zako, mtihani umeshapita. Nikamwambia azifute.

Wewe ulikuwa umekwenda kituo kisicho chako, ukarudishwa mlangoni, na ualimu ukaishia hapo. Krismasi ulikuja kunisalimia, ukiamini ni mtandao uliokatika, ukacheka: "Pole, baba mdogo, mashine hizi zinawatesa wazee."

Nikakujibu, "Asante, mwanangu."

Mwache Diana asome. Pole ile haikuwa yangu, nairudisha kwako.

Baba yako mdogo,
Lesian