Kompyuta Uliyoipa Jina la Mama

Mpendwa Kamau, uliyebakisha kidogo tu uwe mume wangu,

Salamu zitakuja baadaye. Kwanza nina hasira, na nimekaa nayo tangu miaka ile ya tisini.

Unaikumbuka Jumamosi ile? Wazee wetu kule Kalimoni walikuwa wanakungoja uje kubisha hodi, yaani kuniposa, mbuzi ameshachinjwa. Mimi nilikuwa nimesimama na soksi ndani ya chumba cha kompyuta cha chuo chetu pale Thika, viatu vipya nimeviacha mlangoni kwa sababu ya vumbi, nikikutazama ukihangaika na kompyuta mpya ya mezani. Ulitaka ifungue faili zilizokuwa kwenye seva, ile kompyuta kubwa ya pale kona, ili walimu waache kuzunguka na disketi.

"Five minutes tu, Wanjiku," ulisema. Ngai! Dakika tano zako nilizijua.

Na shida uliileta mwenyewe. Seva uliipa jina la mama yako, Nyambura, maana kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mamake mume. Wa pili ni zamu ya mamake mke. Basi kompyuta ya mezani, ambayo seva ilikuwa imeambiwa iikubali kwa jina la Ofisi, ukaibadilisha ukaiita Wangari, jina la mama yangu. Seva ikakataa kuifungulia. Ukajaribu tena, ikakataa tena, ukaanza kuibembeleza kama ng'ombe aliyegoma kukamuliwa.

"Si uirudishie Ofisi twende?"

"Aai! Mathe wako anyimwe mlango na mathe wangu? Hapana. Nataka nikifika nimwambie wako pamoja."

Nilikupenda sana dakika ile, na nilitaka kukupiga na kibodi. Nywila ya kuiambia seva ikubali jina jipya alikuwa nayo mkuu wa chuo, naye alikuwa kwake Kimbo. Ukasema unakimbia kumtafuta, nitangulie nyumbani.

Nikatangulia. Nikawaambia wazee unakuja. Nyama ikapoa, mafuta yakaganda, baba akaniuliza, "Kwani huyo kijana wako ako wapi?" Nikamwambia unatengeneza mashine, yeye mzee ambaye hajawahi kuona kompyuta. Mama aliweka fungu lako kando, akalifunika na sahani.

Hukufika. Jumatatu ukaniambia ulimaliza jioni, ukaona aibu kuingia kwa watu saa hizo. Kompyuta ilikuwa inafanya kazi vizuri, walimu wakakupigia makofi. Baba alikuwa ameshasema usikanyage kwake, na wewe, mtu wa kubishana na mashine kutwa nzima, hukubishana naye hata kidogo. Baadaye ukapata kazi Nakuru, ukaenda.

Leo nina nyumba yangu na watoto wangu, na siishi nikikulilia. Lakini nikitoka Thika kwenda Ruiru, gari likifika Juja, pale njia ya kwetu Kalimoni inapokata, bado roho inaniuma. Ulipita hapo ukienda Kimbo. Ukapita hapo tena ukirudi. Mama mwenyewe alikuwa ndani, mlango wazi, anakungoja.

Haya, salamu ndizo hizi. Kaa salama huko uliko.

Ni mimi, aliyekuwa mchumba wako,
Wanjiku